Ukungu Nyuma ya Bibi Harusi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika kazi yetu ya kupiga picha, hakuna lililopewa heshima kubwa kuliko hili la "fulu fremu". Mpiga picha akilitamka mbele ya wenzake, sauti yake hubadilika, mithili ya mtu anayetaja ukoo wake. Asiyekuwa nayo ana "kropu", yaani kamera ya kihisi kilichokatwa, na mwenye kitu kilichokatwa hujiona hana la kusema mbele ya mwenye kitu kizima. Nimezitumia zote mbili, kila moja kwa miaka kadhaa, na ningependa kulipima neno hili bila ya kulipigia magoti.

Tuanze na asili yake. Kipimo kinachoitwa kizima ni milimita 24 kwa 36. Mnamo 1913, fundi Mjerumani Oskar Barnack, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, alichukua mkanda wa sinema akaulaza, na nafasi ya picha mbili za sinema akaifanya kuwa ya picha moja. Kamera ya Leica iliyotokana na wazo hilo ilianza kuuzwa 1925. Kwa watu waliozoea filamu za ukubwa wa kiganja, kipimo hicho kilikuwa kidogo mno. Zilipokuja kamera za dijitali, vihisi vikubwa vilikuwa ghali kuvitengeneza, ndiyo maana Nikon D1 ya 1999 ilipewa kihisi kidogo. Canon EOS-1Ds ya 2002 ilikuja na kipimo cha Barnack, lakini kwa wenye fedha nyingi. Ni EOS 5D ya 2005 iliyoanza kukisogeza karibu na mifuko ya wapiga picha wa kawaida. Basi kinachoitwa kizima leo, jana kilikuwa kipande.

Sasa niseme ninachokijua kwa mikono yangu. Kazi yangu ni harusi, hapa Tanga. Kwa kuwa ni mwanamke, huingizwa ndani kabisa, chumba ambacho bibi harusi ameketi mkekani anapakwa hina, somo yake kando, mashangazi wameegemea ukuta. Kuanzia 2012 nilifanya kazi hiyo kwa Nikon D7000, ambayo ni kropu ya megapikseli 16. Mwaka 2019 nilinunua D750 iliyokwisha kutumika, fulu fremu ya megapikseli 24. Uzito wa miili yao haupishani sana. Gharama ilijificha kwenye lenzi. Ile yangu ya milimita 18 hadi 105, iliyotengenezwa kwa kihisi kidogo, ikifungwa kwenye D750 kamera huikata picha yenyewe, na megapikseli 24 hubaki takriban 10. Anayehama huhama na nyumba nzima, si godoro tu.

Faida nazo zipo. Lenzi yangu ya milimita 50, ambayo kwenye kropu ilitazama kama ya 75, ilirudia upana wake wa asili. Katika vyumba vyetu vyembamba hilo si jambo dogo: zamani niligandamana na mlango kumpata bibi harusi na somo yake, sasa nawapata hata wapakaji hina. Faida ya pili ni mwanga. Eneo la kihisi kizima ni zaidi ya mara mbili ya lile la kropu, kwa hiyo kwa tundu lile lile la lenzi na kasi ile ile hukusanya mwanga zaidi ya mara mbili. Ukumbini usiku, taa zikipunguzwa, chengachenga zilizokuwa zikichafua mashavu ya watu weusi kama sisi zilipungua waziwazi. Hayo ni ya kweli na nayashukuru.

Ila kuna hesabu ambayo wasifiaji huiruka. Mwanga huo hauuzwi peke yake. Huuzwa pakiti moja na ukungu, yaani ule ulaini unaoyeyusha kila kilicho nyuma ya mtu unayempiga. Nikipiga kwa kropu kwa tundu la f/2.8, nikataka fulu fremu inipe picha yenye upana ule ule na kina kile kile cha fokasi, inanibidi nizibe tundu hadi karibu f/4. Nikiziba, mwanga unapungua. Ili kufidia, napandisha ISO kutoka 1600 hadi 3200 na zaidi. Hapo chengachenga zinarudi karibu pale zilipokuwa. Faida yote ya mwanga imeliwa. Kwa anayetaka shangazi wa nyuma aonekane sawasawa na bibi harusi wa mbele, kamera kubwa katika chumba chenye giza haimpi takriban chochote. Humpa tu yule aliye tayari kumpoteza shangazi.

Na wengi wako tayari, maana ukungu umekuwa ndiyo alama ya picha ya bei. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4, mtu akiwa mita mbili, fulu fremu huweka katika fokasi kina cha kama sentimita tano tu. Jicho linang'aa, sikio limeanza kufifia, na dunia iliyobaki ni rangi zinazoelea. Kropu yenye lenzi hiyo hiyo, ukirudi nyuma hadi mita tatu upate umbo lile lile, hutoa kama sentimita saba. Tofauti ni hiyo, na kwa ajili yake watu wanakopa.

Nimefunua albamu nyingi za harusi za miaka hii. Ni nzuri, zinavutia, nyuso zimechongwa kama sanamu. Lakini funika jina la bibi harusi, kisha uulize: picha hii imepigwa wapi? Tanga au Dubai? Nyumbani kwa nani? Mkeka hauonekani, pazia la mlangoni halionekani, kanga za wanawake zimekuwa mabaka. Familia moja ilinijia baada ya kufiwa na bibi yao, ikitafuta picha yake ya mwisho. Mpiga picha mwingine alikuwa amefanya kazi katika harusi ya mjukuu, na katika picha yake iliyo nzuri kuliko zote bibi alikuwamo, amesimama nyuma ya kiti: doa la rangi ya machungwa lisilo na uso. Kwenye picha zangu za siku ya hina, zilizopigwa kwa kropu na lenzi ile ya kawaida, f/5.6, alionekana hadi mikunjo ya shingo. Ndiyo waliyoikuza.

Wapo watakaosema ukungu ni stara, nami nawaelewa. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, dari langu hilo lisionekane." Ana haki. Picha itakwenda kwa wakwe, itakwenda Muscat kwa ndugu, naye hataki papi zilizooza ziende nayo. Jenereta, nyaya na viti vya plastiki vilivyorundikwa si urithi ambao kila mtu anautaka. Hata hivyo, kuchagua kuficha dari la mama huyu ni jambo moja. Kufuta nyumba ya kila mtu kwa kuwa lenzi imeruhusu ni jingine. La kwanza ni adabu, la pili ni mazoea.

Tazama alivyofanya Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Kamera yake ilitumia filamu ya sentimita 13 kwa 18. Eneo lake ni mara 27 ya hiyo fulu fremu tunayoitukuza. Kama ukubwa ungekuwa amri ya kuyeyusha, basi picha zake zingekuwa ukungu mtupu. Kinyume chake, kitambaa cha nyuma kinasomeka ua kwa ua, na kinazungumza na gauni la aliyeketi mbele yake. Cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani lenye matamvua. Alikuwa akibadili kitambaa kila baada ya miaka miwili mitatu, na uzeeni aliweza kukisia mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa. Kile ambacho sisi tunakifuta, kwake kilikuwa kalenda.

Aliwezaje? Mara nyingi alipiga uani, kwa mwanga wa mchana. Mwenye mwanga wa kutosha huziba tundu apendavyo, na kihisi kiwe kikubwa au kidogo, nyuma hubaki. Hapa ndipo hukumu yangu inapolala. Fulu fremu ni chombo chema kwa anayefanya kazi gizani na anayejua anachokiacha kipotee. Kwa mwenye kropu anayefikiria kukopa ili ahame, ningemshauri kwanza anunue lenzi moja yenye tundu pana, na taa ya kuelekeza darini. Na kabla ya hayo, kwa ruhusa ya wenye nyumba, asogeze pazia la dirisha, au awatoe watu barazani saa kumi jioni. Mwanga huo haukopeshwi wala hauji na ukungu, nao humfikia bibi harusi na bibi yake kwa kipimo kimoja.