Safari ya Umeme na Hesabu ya Luku

Septemba 2019 waigizaji wawili kutoka Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walianza safari Ushuaia, ncha ya kusini ya Argentina, na Desemba ya mwaka huo huo wakaimaliza Los Angeles. Walivuka nchi 13 na kukata kilomita zipatazo 21,000 juu ya pikipiki za umeme, LiveWire, zilizoundwa na Harley-Davidson. Mfululizo wa filamu uliotokana na safari hiyo, *Long Way Up*, ulianza kuoneshwa Septemba 2020. Hawakuwa wageni wa kazi hii. Mwaka 2004 walikwenda kutoka London hadi New York kwa njia ya mashariki, na 2007 waliteremka kutoka Uskochi hadi Cape Town, wakipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Safari hizo mbili zilikuwa za petroli. Ya tatu ndiyo inayostahili kujadiliwa mbele ya wapenzi wa fasihi, na sababu yake si umeme wenyewe, bali jambo ambalo umeme umeilazimisha hadithi ilitende.

Masimulizi ya msafiri wa pikipiki yana mazoea yake. Mtu mmoja au wawili, chombo, njia isiyokwisha, na upeo wa macho unaokimbia mbele. Wenyeji hupita pembeni kama minazi inavyompita abiria wa basi. Petroli hujazwa kwa dakika tano, fedha hutolewa, safari huendelea, na muuza mafuta haachi jina wala neno. Umeme hauyakubali mazoea hayo. Betri ya LiveWire hubeba uniti 15 na nusu, na katika njia za kawaida, mjini na nje ya mji, hufika kama kilomita 150. Baridi ikizidi hufika pungufu ya hapo, na ikichomekwa katika tundu la umeme la nyumba, si la kituo maalumu, hutaka usiku mzima ijae. Basi msafiri hana budi kupiga hodi. Hana budi kueleza ametoka wapi, kuomba waya upitishwe dirishani, kukaa, kunywa alichokaribishwa, na kungoja.

Hapo ndipo filamu hii inapokuwa nzuri, na kwa hakika ni nzuri kuliko zile mbili zilizotangulia. Vipindi vya mwanzo, katika baridi ya Patagonia, vina unyonge ambao fani hii aghalabu huuficha. Watu wawili mashuhuri wanatazama kijitarakimu kwenye kioo cha pikipiki kikishuka, hawajui kama watafika, na mlango wanaoutazamia ni wa mtu wasiyemjua. Mazungumzo yao na wenyeji hapo ni marefu zaidi na yana haya zaidi. Mwenyeji anarudi kuwa mhusika.

Hata hivyo, watayarishaji wanauogopa ungojaji walioletewa na bahati yao. Kila saa ya kungoja inakatwa ikawa nukta. Kosa la sikio ni kubwa zaidi. Chombo walichopanda hakina mngurumo, na kwa mara ya kwanza ingewezekana kuusikia upepo wa nyika, kokoto chini ya mpira, na mtu wa kando ya njia akisalimu. Badala yake muziki unamiminwa juu ya njia karibu kila inapofunguka. Kiswahili kingewatahadharisha. Neno *pikipiki* lenyewe ni mlio wa injini uliogeuka jina, na anayeuondoa mlio huo ameliacha jina tupu. Mshairi angeusikiliza utupu huo kabla ya kutafuta cha kuujaza.

Lakini kasoro iliyo nzito iko nyuma ya pikipiki. Wanaume hawa wawili hawakusafiri wawili. Walifuatwa na magari ya umeme ya kampuni ya Rivian, ambayo wakati huo yalikuwa hata hayajaanza kuuzwa, na kampuni hiyo iliweka vituo vya kuchajia kando ya njia yao. Palikuwa na gari la dizeli la wapiga picha. Palikuwa na jenereta. Iko sehemu ambapo gari la umeme linakokotwa na gari la mafuta ili magurudumu yake yairudishie betri nguvu, kichekesho ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Huko Meksiko walinunua basi kuukuu la shule na kupita nalo sehemu iliyohofiwa, pikipiki zikiwa ndani. Filamu haiyafichi haya, na inastahili sifa kwa hilo. Inachokosa ni kuyapa nafasi katika maana. Magari, mafundi na madereva wanaonekana, wanachekesha, kisha hadithi inarejea kwa wale wawili kana kwamba ndio walioibeba njia.

Msomaji wa mwambao ameshakisoma kisa cha namna hii kutoka upande wa pili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*, na ndani yake mna Selemani bin Mwenye Chande akisimulia safari ya bara, na Salim bin Abakari, Mngazija, akisimulia safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Salim alikuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Kama angeandika bwana, yamkini Salim angekuwa mstari mmoja, au mkono unaoleta chai. Kwa kuwa ameandika yeye, safari ina mizigo, ina chakula, ina waliowapokea na jinsi walivyowapokea, na maajabu ya nchi yanahesabiwa sambamba na mahitaji ya siku. Nathari yake ni kavu, haijipambi, wala haijisifu kwa kufika mbali. Na Selemani, aliyekwenda bara kwa biashara, anajua kwamba njia ina wenyewe, na kwamba hakuna kituo kisicho na mtu wa kuzungumza naye kwanza. Waandishi hao wawili waliujua msafara kutoka ndani. *Long Way Up* ina msafara mzima mkononi na haina Salim.

Ili kuona kinachopotea, hadithi hii na ipelekwe Chole. Si Chole ya Mafia yenye magofu na mitumbwi, bali Chole ya bara, wilayani Kisarawe, mbele ya Maneromango, nchi ya Wazaramo, ya mikorosho na mihogo. Huko pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la mkaa na magunia, ndiyo basi la mwanafunzi. Masika yakinyesha, udongo huteleza hata mwenye miaka kumi ya bodaboda hushusha miguu yote miwili. Mwendeshaji wa Chole anayemkimbiza mama mjamzito usiku amefanya kila kitu ambacho filamu hukiita ushujaa, isipokuwa kukichagua. Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili kwa safari ya aina ya kina McGregor hukwama papo hapo. Safari kwa Mswahili ni kwenda kokote kwenye haja, hata kama ni kwenda Kisarawe kutia muhuri karatasi. Hatari ya kujitakia hutaka maelezo, na neno moja halitoshi.

Sasa wafike Chole jioni wageni wawili na LiveWire zao, wapige hodi kwenye nyumba yenye umeme. Watakaribishwa, hilo halina shaka. Lakini ukutani ipo Luku. Kuzijaza betri mbili tupu ni uniti 31, ukiziacha zinazopotea njiani. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na ikizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Wageni wa usiku mmoja wamekula zaidi ya thuluthi ya mwezi wa mwenyeji. Shilingi 3,100 si fedha ya kumfilisi mtu. Tatizo ni kwamba mwisho wa mwezi, uniti zile zile zikihitajika kwa taa na redio, huenda zikawa zimeshavuka mpaka na kuingia kwenye bei ya pili, na wageni wako nchi ya tatu wakiendelea kusifu ukarimu. Mwenyeji wa Kiswahili hatalitaja hilo mbele yao, wala mgeni aliyelelewa hatangoja litajwe. Kipo kisa hapo, chenye adabu, aibu na hesabu, na ni kizuri kuliko theluji ya Patagonia. *Long Way Up* ilikuwa na milango mingi ya kukiona na haikukaa kwenye ukumbi hata mmoja muda wa kutosha.

Mwishoni mwa 2024 ilipita safari iliyo karibu zaidi. Pikipiki ya Roam Air, iliyoundwa Nairobi, ilikwenda hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000 kwa siku 17, ikipita Kenya, Tanzania, Zambia na Botswana. Ilikuwa kazi ya kampuni hiyo ya Roam na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na nguvu yake yote ilitoka kwenye jua, kwa paneli zilizobebwa na magari ya msaada na kutandazwa njiani. Kwa mhandisi ni jambo kubwa. Kwa msomaji wa hadithi, jua limemwondolea msafiri hata ile haja ya kupiga hodi, na kilichosimuliwa kwa sehemu kubwa ni umbali, siku na betri. Madereva waliozitandaza paneli alfajiri na kuzikunja, waliojua wingu lipi linapita na lipi linakaa, ndio waliokuwa na cha kusimulia, na kwa lugha ambayo ingeeleweka sehemu ya njia. Daftari moja la mmoja wao, lenye ukavu wa Salim bin Abakari, lingetosha.

McGregor na Boorman, kwa upande wao, walirudi kwenye petroli. Katika *Long Way Home* ya mwaka 2025 walizunguka Ulaya kwa pikipiki kuukuu za miaka ya sabini, zenye mngurumo wake. Chole nako pikipiki ikija usiku bado hutambulikana tangu iko bondeni, na aliyeketi na mgonjwa barazani huanza kufunga kanga kwa kuisikia tu. Siku itakapokuja ya umeme haitasikika mpaka imefika mlangoni, na dereva wake itambidi apige hodi.