Kauli ya Kutendana katika Istilahi za Ukatili

Kazi ya istilahi si kuipamba lugha, bali ni kukitaja kitu jinsi kilivyo, ili asemaye na asikiaye wasipishane. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi zitumikazo kueleza ukatili wa majumbani na makosa ya kingono. Tutazipima kwa sikio la mtu ambaye aghalabu husahauliwa na watunga istilahi, yaani mwanamke wa Heru Juu, katika nyanda za juu za Kigoma, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiha, na ambaye Kiswahili rasmi hukutana nacho hasa mbele ya mwalimu, mganga na askari. Mwanamke huyo akipigwa au akibakwa, haki yake haina budi kupita katika maneno yaliyochaguliwa na wengine.

Tuanze na sheria. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ambayo kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, kiambishi -ana ni cha kauli ya kutendana: hudai watendaji wawili, kila mmoja akimtenda mwenziwe. Kubaka hakuna kutendana. Kuna mtenda na mtendwa, na sheria yenyewe hutafuta kwanza kama ridhaa ilikuwapo. Pili, sheria hiyo ilikataza pia ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18, tendo ambalo kamwe haliwezi kuitwa kujamiiana. Basi jina limekosea kwa kuingiza ridhaa pasipo na ridhaa, na limekosea tena kwa kuacha nje baadhi ya yaliyomo. Wenzetu wa Kenya, waliotunga sheria yao mwaka 2006, wamezoea kusema Makosa ya Ngono. Jina hilo nalo halijakamilika, lakini angalau halimfanyi aliyeshambuliwa kuwa mshirika.

Kasoro hiyo hiyo imeenea katika lugha ya ofisi. Mume akimpiga mke, taarifa husema "wamegombana", "wamepigana", "wamekosana". Mtenda hutoweka ndani ya kiambishi, na kosa la mmoja hugawiwa wawili. Kutoka hapo safari ya kwenda katika usuluhishi ni fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi kwa ajili ya migogoro ya ndoa, na hiyo ni kazi halali. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama ipo mila inayoruhusu. Anayeandika "mgogoro" mahali pa "kipigo" amekwisha kuliamua shauri kabla halijasikilizwa.

Tulitazame sasa neno "ukatili", ambalo limekita mizizi katika mipango ya Serikali. Tunausifu Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017, kwa kutumia "dhidi ya", kwani maneno hayo mawili yanaonyesha tendo limetoka wapi na limeelekea wapi. Hata hivyo, katika masikio ya wengi ukatili ni jambo lililopita kiasi: damu, mfupa uliovunjika, kifo. Mwanamke aliyezabwa kofi atajibu kwa unyofu kwamba hakufanyiwa ukatili. Watafiti wameliona jambo hili. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, mhojiwa aliulizwa kwa kutajiwa matendo: kusukumwa, kupigwa kofi, kupigwa teke. Kwa njia hiyo asilimia 27 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wakiwa na miaka 15, na asilimia 12 kwamba wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Istilahi ya jumla yafaa kwa kichwa cha waraka. Kwa maswali, vitenzi vinafaa zaidi.

Yabaki majina ya mtendwa. "Mhanga" hunukia kafara. "Mwathirika" lilitumika mno kwa walioambukizwa virusi vya UKIMWI, na katika chumba cha zahanati laweza kumtwisha mtu aibu mbili. "Kunajisiwa" ni baya kuliko yote, kwa kuwa humpaka uchafu yule aliyetendewa na kumwacha safi aliyetenda. "Manusura", litokanalo na kunusuru, lina heshima. Lakini lasema hatari imepita, ilhali wengi hurudi usiku ule ule katika nyumba ile ile.

Wako watakaodai kwamba lugha za Kiafrika zina haya, na kwamba ukungu huu ni adabu. Hoja hii haisimami. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, kinachosemwa na wakimbizi wengi waliopokewa Kibondo na Kasulu, husema "gufata ku nguvu", yaani kukamata kwa nguvu. Hakuna tusi hapo, na nguvu imetajwa. Haya ya kweli humstahi aliyeumizwa, haimfichi aliyeumiza.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hivyo kazi ya wafasiri imekuwa nzito zaidi. Tunapendekeza mambo manne. Jina la sheria ya 1998 lifikiriwe upya, na "makosa ya kingono" lijadiliwe. Katika taarifa za makosa haya, kauli ya kutendana iepukwe, na mtenda atajwe kwanza: "alimpiga", "alimbaka". Katika madawati ya jinsia na watoto ya polisi, maswali yataje matendo. Na mtendwa aitwe "aliyetendewa", mpaka mwenyewe atakapojiita manusura.

Wasomaji wenye neno bora kuliko haya, hasa walimu na wauguzi wa Buha, walilete lipimwe. Sentensi ya kwanza katika jalada la polisi ndiyo itakayosomwa na kila mkubwa atakayefuata. Ikianza kwa "waligombana", mwanamke wa Heru Juu amekwisha kushindwa.