Halafu Ikawaje?

Walimu wengi wa rika langu tumeisimulia hadithi ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu kutoka Mbulu. Mimi niliisimulia karibu kila mwaka, mbele ya wanafunzi waliopanga mstari asubuhi. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza Akhwari, kisha katika msongamano akagongwa na wenzake, akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshashuka na watazamaji wengi wamekwenda zao, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, naye akawa wa 57.

Hapo nilikuwa nikinyamaza, na watoto wakipiga makofi.

Mwaka mmoja mtoto wa darasa la sita alinyosha mkono. "Mwalimu, halafu ikawaje?" Nikamjibu, "Halafu akarudi nyumbani." Wenzake wakacheka, nami nikawaamuru waingie madarasani. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, wala sikuwahi kujiuliza.

Ndugu msomaji, leo nataka kuihakiki hadithi hiyo. Simhakiki Akhwari, nani kati yetu angethubutu? Nahakiki namna tunavyoisimulia. Hadithi tuliyoipokea imepitia mikononi mwa wapiga picha. Bud Greenspan, Mmarekani aliyejulikana kwa filamu zake za Olimpiki, aliitia katika kazi zake, na dunia nzima ikaijua. Kwa upande wa ustadi sina la kumlaumu. Mtu anayechechemea peke yake chini ya taa za uwanja hahitaji maelezo mengi. Lakini picha ile hukoma mkimbiaji anapovuka mstari, na sisi wasimulizi tukakubali kukoma papo hapo, kana kwamba maisha yake nayo yalikomea pale.

Hadithi iliyokatwa hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inayafanya maumivu yenyewe kuwa ndiyo fundisho. Nilipokuwa na miaka thelathini na mmoja nilikimbia mashindano ya siku ya mapumziko. Niliteleza kwenye tope, nikasikia goti likilia. Zilikuwa zimebaki kilometa nne. Nikamkumbuka Akhwari, nikazimaliza kwa kuburura mguu, na watu wakanishangilia. Jioni goti lilikuwa limevimba kama papai. Siisingizii hadithi peke yake, maana ubishi ulikuwa wangu. Lakini hadithi ndiyo iliyoupa ubishi ule sura ya ushujaa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Goti langu lilipona kwa muda wa mwaka mmoja. Hata hivyo, nilikaa miaka kumi na tisa bila kukimbia. Kilichonizuia miaka mingine yote ni aibu. Katika hadithi niliyoijua kulikuwa na watu wa aina mbili tu: aliyemaliza, na wale 18 walioacha njiani, ambao hatuwataji. Mtu aliyeacha kisha akaanza tena hakuwamo. Kila nilipofikiria kuvaa raba, niliona kwamba nafasi yangu ilikwisha kupita.

Nilirudi kwa mlango wa uani. Nikipanga makaratasi yangu nilikuta dira niliyoinunua baada ya mafunzo ya JKT, tulikojifunza kusoma ramani na kutafuta vituo porini mmoja baada ya mwingine, kwa kukimbia. Nchi za Skandinavia zimeufanya huo kuwa mchezo kamili. Wanorwe walikuwa na mashindano yake tangu mwaka 1897. Mimi nilipata karatasi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimeta mbili ni kilometa moja, nikatoka nayo alfajiri.

Bonde la Kilombero si mahali rahisi kwa mchezo huo. Ardhi ni tambarare, hivyo mistari ya miinuko kwenye ramani ni michache na haikuongozi. Vijia vya mashamba ya mpunga huzama wakati wa masika, na maji yakipungua watu hukanyaga vingine. Unachoweza kukishika ni milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi, milima ya Mahenge upande wa pili, na reli ya TAZARA. Nilipotea mara nyingi. Ndipo nikaikumbuka kanuni tuliyofundishwa: ukipotea, usikimbilie mbele kwa matumaini, rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, uanzie hapo.

Kanuni hiyo ilinisaidia kuliko hadithi niliyoisimulia miaka yote. Mahali pangu pa hakika hapakuwa zile mbio za ujana. Palikuwa dakika tano za kutembea na moja ya kukimbia, basi. Nilianzia hapo. Siku moja kijana mwenye baiskeli alipunguza mwendo kando yangu. "Shikamoo mzee. Kuna msiba?" Nikamwambia, "Marahaba. Hakuna msiba, nakimbia tu." Aliniandama polepole hadi njia panda, kana kwamba bado ana shaka.

Baada ya hapo ndipo nilipokutana na matokeo ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, mjini Edinburgh. Marathoni ilishindwa na Ron Hill wa Uingereza. Wa tano ni John Stephen Akhwari wa Tanzania, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Nilisoma mstari ule mara tatu. Katika muda usiotimia miaka miwili tangu Mexico, mtu yule yule alikuwa amekimbia masafa yale yale kwa muda uliopungua zaidi ya saa moja na dakika kumi. Ni kweli kwamba hewa ya Mexico ni nyepesi na njia hizo mbili hazilingani. Hata hivyo, huyo si mtu aliyekwenda kumaliza tu. Ni mtu aliyekwenda kushindana.

Nchi haikumsahau. Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, alikuwa miongoni mwa walioubeba. Lakini tukimtaja, tunataja bendeji. Edinburgh hatuitaji, kwa sababu hakuna anayelia akisikia kwamba mtu amekuwa wa tano. Tunachokikosa ni miezi ile isiyo na picha: goti linapona, asubuhi ya kwanza ya kujaribu, hofu ya kuanguka tena. Siwezi kuisimulia, maana sikuwapo. Naweza tu kusema kwamba ilikuwapo, na kwamba bila hiyo Edinburgh isingekuwapo.

Siku hizi nakimbia hadi kwenye daraja la mto Kilombero, lile lililozinduliwa mwaka 2018 na kuchukua kazi ya kivuko. Nikifika nageuka. Goti likilalamika natembea, wala sioni haya.

Yule mtoto wa darasa la sita sasa ni mtu mzima. Nilimdai ukimya badala ya kumpa jibu, na deni hilo ni langu. Jibu lenyewe, mwanangu, ni hili: halafu akapona, akaanza tena, na mwaka 1970 akawa wa tano.