Jirani Aliyetiwa Mbaroni: Sauti Zilizokosekana katika Masimulizi ya Mauaji ya Kanda ya Ziwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna familia na majirani wanavyosawiriwa baada ya mtu wao wa karibu kutiwa mbaroni kwa tuhuma za mauaji katika Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Matini yaliyoteuliwa ni filamu ya hali halisi In the Shadow of the Sun (2012) na riwaya ya Golden Boy (2013). Matini hayo yanasomwa sambamba na masimulizi ya umma kuhusu ukamataji wa mwaka 1976 na kura ya siri ya mwaka 2009. Uhakiki umeongozwa na dhana ya usemezano ya Mikhail Bakhtin. Inadaiwa kuwa masimulizi haya humpa jirani nafasi tatu: shahidi aliyenyamaza, mfichaji wa muuaji, au mtoa taarifa asiye na jina. Nafasi ya nne, yaani ya mtu anayebaki kuishi katika ua uleule na jamaa za mtuhumiwa na za marehemu, haina msemaji. Pengo hilo lina athari zinazovuka mipaka ya sanaa.

1.0 Utangulizi

Mauaji yanayohusishwa na imani za uchawi katika Usukuma yamechunguzwa kwa muda mrefu. Simeon Mesaki, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1993, alionesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 Tanzania Bara ilikuwa na vifo zaidi ya 3,600 vya aina hiyo, sehemu kubwa vikitokea katika mikoa ya Wasukuma. Waathirika wengi walikuwa wanawake, na hasa wazee. Kuanzia mwaka 2007 hivi lilizuka wimbi jingine, safari hii dhidi ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilidaiwa na baadhi ya waganga kuleta utajiri kwa wavuvi na wachimbaji wa madini. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja vifo zaidi ya 70 nchini tangu mwaka 2000.

Takwimu hizi huwahesabu waliouawa na, kwa kiasi fulani, waliokamatwa. Hazimhesabu mke wa aliyekamatwa, mama yake, watoto wake, wala jirani aliyekuwa akiazimana naye jembe. Kazi ya sanaa ndiyo inayotarajiwa kuziba pengo hilo, kwa kuwa ina uwezo wa kuingia ndani ya nyumba ambamo takwimu haziingii. Swali la makala haya ni iwapo kazi zilizoteuliwa zimetimiza matarajio hayo.

Dhana ya usemezano inafaa kwa swali hili kwa sababu inamtaka mhakiki asiishie kuuliza matini yanasema nini. Inamtaka aulize pia ni sauti ya nani inayosikika, inajibu sauti ipi, na ni ipi iliyozimwa ili nyingine zisikike vizuri.

2.0 Jirani kama mfichaji: In the Shadow of the Sun

Filamu ya Harry Freeland ilirekodiwa kwa takribani miaka sita. Inamfuata mwanaharakati Josephat Torner, mwenye ualbino, anayezunguka katika jamii ambamo mauaji yametokea. Sambamba naye anafuatwa kijana mmoja wa kisiwani Ukerewe anayetamani kurudi shuleni baada ya kufukuzwa na dhihaka za wenzake. Uzito wa filamu umo katika mikabala ya Torner na wanavijiji. Anawaendea na kuzungumza nao ana kwa ana, akiwa na mwili uleule ambao wauaji wanaudai. Kwa kufanya hivyo anaigeuza mada ya kutisha kuwa mazungumzo kati ya watu wanaotazamana machoni. Huu ndio ubora mkuu wa filamu, na ni ubora wa usemezano hasa.

Hata hivyo, mkabala huo una upungufu wake. Wanavijiji wanaingia katika filamu wakiwa wanashukiwa tayari. Dhana inayoongoza ni kwamba jamii inawaficha wauaji, hivyo ukimya wao unasomwa kama kificho. Ukimya wa kijijini, lakini, una maana nyingi. Yupo anayenyamaza kwa kuwa anajua na anafaidika. Mwingine ananyamaza kwa kuwa mtuhumiwa ni mwana wa dada yake. Mwingine anahofu kisasi, na mwingine hajui lolote ila anaogopa kwamba kusema hajui kutamfanya aonekane anajua. Filamu haikujipa nafasi ya kuzitofautisha maana hizo, kwa sababu mzungumzaji mkuu hupita na kwenda kijiji kingine. Anayebaki ndiye angeweza kueleza.

Tofauti inaonekana katika sehemu za Ukerewe. Huko kamera inarudi tena na tena katika nyumba ileile, na mtazamaji anaona kutengwa kunavyofanya kazi katika mambo madogo ya kila siku. Mtindo huo wa kurudi ndio uliokosekana katika vijiji vya mauaji. Laiti ungetumiwa huko, jamii isingebaki umati mmoja wenye uso mmoja.

3.0 Muuaji kama mgeni: Golden Boy

Riwaya ya Tara Sullivan, iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana, inamhusu Habo, mvulana mwenye ualbino ambaye baba yake aliiacha familia alipozaliwa. Familia inahamia Mwanza kwa ndugu zao na kugundua kuwa huko watu kama Habo wanawindwa. Habo anafichwa, kisha anatoroka kwenda Dar es Salaam, ambako anapokewa na mchongaji kipofu aitwaye Kweli. Mwindaji wake, Alasiri, ni jangili wa tembo ambaye familia ilikutana naye safarini.

Uteuzi wa mhusika huyu unahitaji kupimwa. Kumfanya muuaji kuwa jangili kunajenga sitiari yenye nguvu: pembe ya tembo na kiungo cha binadamu vinauzwa kwa mantiki moja ya soko. Kwa msomaji kijana, sitiari hiyo inaeleweka mara moja. Lakini sitiari hiyo inamtoa muuaji nje ya ukoo na nje ya kijiji. Mwovu anakuja kwa gari, na akishakamatwa hakuna mama yake anayelia wala shemeji anayeona haya kwenda kisimani.

Kumbukumbu za mahakama zinaonesha sura nyingine. Machi 2015 Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza iliwahukumu watu wanne adhabu ya kifo kwa kumuua mwanamke mwenye ualbino mwaka 2008 huko Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa mume wa marehemu. Desemba 2014, mtoto wa miaka minne alipotekwa nyumbani kwao wilayani Kwimba, baba yake alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kukamatwa si kutiwa hatiani, na makala haya hayadai zaidi ya hapo. Kinachohusika ni hali ya kaya: mama mmoja anakuwa mfiwa na papo hapo mke wa mtuhumiwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Riwaya imekiweka kikulacho barabarani.

Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba Sullivan hakuisahau familia kabisa. Kuondoka kwa baba na haya wanayoona ndugu wa Habo ni dalili kwamba hatari huanza pale nyumba inapomkana mtu wake. Udhaifu ni kwamba mbegu hiyo haikuruhusiwa kukua hadi kwenye kosa lenyewe.

4.0 Mtoa taarifa asiye na jina

Masimulizi ya umma yana mwelekeo unaofanana na huo. Mwaka 1976 mamia ya watu walikamatwa Mwanza na Shinyanga katika operesheni ya kukomesha mauaji ya imani za uchawi. Baadhi yao waliteswa, na wapo waliofia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa hakutenda yeye mwenyewe. Tukio hilo limeingia katika kumbukumbu ya taifa kama kielelezo cha uwajibikaji, na kwa kustahili. Lakini linaposimuliwa, mhusika mkuu ni waziri. Waliokamatwa ni kundi lisilo na sura, na familia zilizosubiri habari zao hazimo kabisa. Simulizi ya heshima ya kiongozi imeifunika simulizi ya msiba wa wanakijiji, ambao baadhi yao walikuwa wametajwa na majirani zao.

Miaka 33 baadaye, Machi 2009, serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliendesha kura ya siri iliyoanzia Kanda ya Ziwa. Wananchi waliombwa kuandika majina ya wale waliowashuku kuhusika na mauaji ya watu wenye ualbino. Ikitazamwa kama matini, karatasi ya kura hiyo inastaajabisha: ni maandishi yenye jina la anayetajwa lakini yasiyo na jina la anayetaja. Ilikusudiwa kumlinda jirani mwoga, na kusudi hilo lilikuwa la kweli. Hata hivyo, kila mwanakijiji aliondoka kituoni akijua kuwa huenda aliyemsalimia ndiye aliyemwandika. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Kijiji hakina ibara ya namna hiyo. Katika maeneo ambayo sungusungu walitumia kutenga kaya kama adhabu, jina likishatajwa hutosha kuwa hukumu kwa mke na watoto.

5.0 Miaka ya katikati

Mauaji ya Geita yalitokea mwaka 2008 na hukumu ikatolewa mwaka 2015. Kosa la mauaji halina dhamana, hivyo kati ya kukamatwa na hukumu mtuhumiwa huwa mahabusu. Wakati huo jamaa zake wanalima, wanazika, wanaoza na kupeleka watoto shule miongoni mwa jamaa za marehemu. Pale mume anapotuhumiwa kumuua mkewe, koo mbili zilizounganishwa na mahari ya ng'ombe na watoto haziwezi kuachana kirahisi. Nani analea watoto? Nani anapeleka chakula mahabusu, na anapita njia ipi ili asionekane? Riwaya ya Kiswahili ya mwambao huu ingeweza kulikabili suala hili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alimfanya Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) kuwa muuaji, lakini uzito wa mwisho wa riwaya hiyo umeelekezwa kwenye mgongano wa mtu binafsi na siasa ya wakati wake. Miaka ya katikati bado inasubiri mwandishi.

Kutokuwepo kwa simulizi hiyo kuna gharama. Watoto wenye ualbino walipelekwa katika vituo na shule kama Mitindo wilayani Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga wilayani Kasulu. Hatua hiyo iliokoa maisha. Lakini ilimhamisha mtoto huku ikikiacha kijiji kama kilivyokuwa. Mtoto akitakiwa kurudi, anarudi kwa nani? Jibu linahitaji maarifa kuhusu yaliyozungumzwa, na yasiyozungumzwa, katika kaya alizoziacha. Maarifa hayo hayamo katika hukumu, katika karatasi ya kura, wala katika matini mawili yaliyohakikiwa.

6.0 Hitimisho

In the Shadow of the Sun imefanikiwa kumpa mwathirika sauti ya kuhoji, na Golden Boy imefanikiwa kuanika soko la viungo. Zote mbili zimeshindwa kumsikiliza anayebaki: ya kwanza kwa kuisoma jamii kama mfichaji, ya pili kwa kumfanya muuaji kuwa mgeni. Masimulizi ya umma yamemkumbuka waziri na kumficha mpiga kura. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo za fasihi ya Kanda ya Ziwa zikusanye masimulizi simulizi ya familia za pande zote mbili, kwa kuzingatia maadili na usalama wa wasimulizi, na kwamba watunzi wa Kiswahili waanzie pale ambapo kazi nyingi humalizia, yaani siku ya pili baada ya gari la polisi kuondoka.