Chupa Mama Iliyofichwa

Bahari ya buluu, mashua ndogo chini ya skrini, na maandishi meupe yanayokuomba uiokoe bahari. Unabonyeza bendera ya kijani. Chupa za plastiki zinaanza kudondoka kutoka juu. Unaisogeza mashua kulia na kushoto kwa vitufe vya mishale. Kila chupa unayoidaka inakupa pointi moja, kila inayokupita inakung'oa moyo mmoja kati ya mitatu uliyopewa. Ukifika pointi thelathini, maandishi yanarudi kukupongeza. Bahari imeokoka.

Sikuuchukua mchezo huu kwa mwanafunzi fulani ili nimwanike. Hili ni umbo, na yeyote aliyeshinda mchana mmoja akicheza gemu zilizobuniwa na watoto wa shule atakuwa ameshakutana nalo: mara bahari ni msitu, mara chupa ni virusi, mara mashua ni ndoo au mkono. Mashindano yanayozaa gemu za namna hii yana umri wa kutosha sasa. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha National STEM Video Game Challenge, ikichochewa na kampeni ya Rais Barack Obama ya kuhimiza sayansi na hisabati shuleni. Uingereza nako, BAFTA, taasisi ileile inayotoa tuzo za filamu, ina Young Game Designers, shindano la vijana wa miaka 10 hadi 18. Watoto wengi huingia ulingoni wakiwa na Scratch, programu ya bure iliyozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 2007 katika kundi la Mitchel Resnick, ambayo leo mtu anaweza kuitumia hata kwa Kiswahili.

Scratch inamrahisishia mhakiki kazi kuliko mwandishi yeyote ninayemjua. Sehemu ya kuonyeshea mchezo huitwa jukwaa. Kila kiumbe kina mavazi yake, na maagizo anayoyafuata ni kama hati ya mwigizaji. Hii ni lugha ya tamthilia tupu. Juu ya hayo, mchezo uliowekwa hadharani una kitufe cha kuangalia ndani: ukikibonyeza, msimbo wote unafunguka mbele yako, bloku kwa bloku, kama muswada wenye mikato ya kalamu. Basi tuufungue mchezo wa chupa, tuusome jinsi tunavyosoma ubeti.

Jukwaa la Scratch lina upana wa vipimo 480 na kimo cha vipimo 360, na katikati yake ni sifuri. Chupa inaamriwa ianzie juu kabisa, mahali popote kati ya hasi 240 na chanya 240, kisha, mwanzoni mwa mchezo, ishuke vipimo vitano kwa kila mzunguko. Scratch huzungusha maagizo yake mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo chupa inamaliza safari yake kwa sekunde mbili na nukta nne. Muda huo ndio mapigo ya mchezo. Ndani yake mchezaji anaona, anakisia, anasogea. Kipimo cha mtunzi kimewekwa mahali pazuri. Ingekuwa sekunde tano ungesinzia, ingekuwa moja ungekata tamaa. Kwa mizani hiyo sina neno.

Neno langu liko kwenye mstari wa kwanza: chupa zinatoka angani. Hakuna anayezitupa. Hakuna meli, hakuna mto unaozileta kutoka mjini, hakuna kiwanda wala mtu aliyekunywa soda. Takataka katika mchezo huu ni mvua, na mvua haina mwenyewe. Maandishi ya mwanzo yalisema bahari inachafuliwa. Kanuni inasema bahari inanyeshewa. Nani mkweli? Mchezaji husoma maandishi mara moja na kuyapita, lakini kanuni anaitii kila sekunde mbili na nusu. Kanuni ndiyo inayomkaa kichwani.

Ukizidi kushuka ndani ya msimbo mambo yananoga zaidi. Chupa zote unazoziona ni nakala. Kuna chupa moja ya asili, tuiite chupa mama, ambayo mwanafunzi ameiwekea agizo la kujificha mara tu bendera inapobonyezwa, nayo, ikiwa imefichwa hivyohivyo, inazaa nakala moja kila baada ya sekunde moja bila kukoma. Huo ni utaratibu wa kawaida kabisa. Mwalimu yeyote wa Scratch angemfundisha afanye hivyo. Lakini usome kama mhakiki: mchezo kuhusu uchafu umejengwa juu ya chanzo cha uchafu ambacho kimefichwa kwa makusudi, na mchezaji hata awe hodari vipi hana kitufe cha kumfikisha hapo. Istiari gani ingeweza kuipita hii? Na mtunzi mwenyewe hana habari kwamba ameitunga.

Kisha tazama mwisho wa chupa. Ile iliyodakwa inafutwa, sawa, imeokotwa. Ile iliyokupita nayo inafutwa ikigusa chini. Wewe unapoteza moyo, bahari haipotezi kitu. Sakafu yake inabaki safi kama ilivyokuwa. Plastiki, ambayo sifa yake mbaya kuliko zote ni kutooza, hapa inayeyuka ikikosa mdakaji. Mchezo umegeuza maafa ya bahari kuwa kosa la mwokoaji.

Na mioyo mitatu? Hiyo ni urithi. Mashine za michezo za miaka ya 1970 na 1980 zilikula sarafu, na mwenye mashine alihitaji mchezaji afe upesi ili atie sarafu nyingine. Maisha matatu yalikuwa hesabu ya biashara. Mtoto wa darasa la saba hana kisanduku cha sarafu mezani, lakini mioyo mitatu anaiweka, kwa sababu gemu zote alizozicheza zilikuwa nayo. Washairi wanaoanza nao hushika tarbia kabla hawajajiuliza kwa nini mishororo minne. Simlaumu. Hata mafunzo yaliyomo ndani ya Scratch yenyewe yanamwelekeza huko: kuna somo la mchezo wa kufukuzana, la mchezo wa kubofya, la Pong, la kuruka angani. Ni bahari za ushairi zilizokwisha kuchongwa, na mwanafunzi anatafuta maneno ya kuzijaza.

Hapo ndipo shule zetu nazo zinapoingia katika hadithi hii. Tuliosoma fasihi tulifundishwa kuchora mstari katikati ya daftari, huku fani, kule maudhui. Mwalimu akisahihisha, maudhui yalibeba alama nyingi, na fani ilikuwa orodha ya tamathali. Gemu haivumilii mstari huo. Katika gemu, fani ndiyo inayotenda, na maudhui ni kile kinachobaki mkononi mwa mchezaji baada ya kutenda. Wachezaji wa bao wanalijua hili bila kuandikiwa popote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna maandishi ya utangulizi yanayosema mchezo huu unahusu akiba. Ila kaa mbele ya nyumba iliyojaa kete, huku mwenzako akikutazama, uamue kama utailinda au utaivunja. Utakuwa umefundishwa kuhusu akiba na hukusikia hata neno moja.

Mfano mzuri wa kisasa ni wa Gonzalo Frasca, mtunzi wa Uruguay, na mchezo wake wa mwaka 2003 unaoitwa September 12th. Unaona mji mdogo kutoka juu, watu wanapita sokoni, na miongoni mwao magaidi wachache. Umepewa kombora. Unalenga, unapiga, kombora linachelewa kidogo kufika, na linapofika linabomoa nyumba na kuua hata waliokuwa wakipita. Wengine wanakuja kuwalilia maiti. Kisha wale waliao, mbele ya macho yako, wanageuka magaidi. Ukipiga tena wanaongezeka. Hakuna pointi na hakuna ushindi. Hoja nzima imo ndani ya kanuni moja, ya mwombolezaji kubadili mavazi, na kwa upande wa ufundi kubadili mavazi ni bloku moja tu ambayo mtoto wa Scratch hujifunza wiki ya kwanza.

Kwa hiyo si suala la umri wala la vifaa. Ukitaka kuona jinsi wanafunzi walivyo makini na fani pale wanapojua kwamba ni fani, tazama mruko. Scratch haina mvutano wa dunia. Anayetaka mhusika wake aruke lazima auunde mwenyewe kwa namba. Tuseme kasi ya kuanzia ni 12, nayo inapungua moja kila mzunguko. Mhusika atapanda 12, kisha 11, kisha 10, hadi moja: jumla vipimo 78, zaidi kidogo ya moja ya tano ya jukwaa, kwa sekunde sifuri nukta nne. Huyo ni mhusika mzito, mwenye nyama. Badilisha kinachopungua kiwe nusu badala ya moja, na mhusika yuleyule atapanda vipimo 150 kwa muda maradufu. Sasa anaelea kama karatasi, kama yuko mwezini au ndotoni. Nimewaona watoto wakibishana juu ya namba hiyo kwa ukali ambao sijauona katika kikao cha washairi. Wanasema "haijakaa", wanarudi, wanapunguza nukta mbili, wanajaribu tena. Hao wana sikio. Ni vile tu hakuna aliyewaambia kwamba namba ile ina maana, kwamba mkimbizi na mfalme hawapaswi kuruka sawasawa.

Sehemu ya lawama naiweka kwetu sisi tunaohukumu. Shindano la Marekani lilikuwa na kundi la wanafunzi walioleta hati ya ubunifu bila mchezo wenyewe, na BAFTA nayo hutenganisha wazo la mchezo na mchezo uliotengenezwa. Makundi hayo yana haki yake, kwani si kila shule ina kompyuta za kutosha. Tatizo ni mwamuzi anayesoma hati hata pale mchezo unapokuwa mbele yake. Anaona neno "mazingira", anaona bahari, anatia alama ya maudhui na kupita. Mwanafunzi si mjinga. Mwakani ataleta bahari nyingine.

Kuna kitu katika mchezo wa chupa ambacho kingestahili tuzo, na kimeingia kwa bahati. Ili mchezo usichoshe, mtunzi ameunganisha kasi na pointi: kadiri unavyodaka ndivyo chupa zinavyokuja mbio. Tafsiri yake ni kwamba kusafisha hakupunguzi uchafu hata chembe. Bidii yako haifiki kwenye chanzo. Ni wazo chungu na la kweli, nalo linakinzana na pongezi za mwisho. Kama ningekuwa mwalimu wake ningemwomba afute vitu vitatu tu. Kwanza pongezi. Pili mioyo mitatu. Tatu ile bloku inayofuta chupa inapogusa chini. Chupa zibaki. Zijae sakafuni, zipande, zifikie mashua, hadi mchezaji akose pa kuegesha. Scratch yenyewe ina ukomo wa nakala 300. Zikifika hapo hairuhusu nyingine. Bahari ingejaa kwa maana halisi ya neno, na chupa mama, ikiwa bado imefichwa, ingeendelea kuamriwa izae huku hakuna tena nafasi ya kuzaa.

Ndugu waamuzi na walimu, mchezo ukiletwa mezani, zimeni sauti, rukeni ukurasa wa mwanzo, uchezeni dakika tatu kabla ya kusoma jina lake. Kisha fungueni ndani, mtafute chupa mama iko wapi na nani aliyeificha. Alama ziandikwe baada ya hapo.