Caliban alipopelekwa angani, ulimi ulibaki wapi?

Mwaka 1956 ilichapishwa riwaya ya kubuni ya kisayansi iitwayo Forbidden Planet, sambamba na filamu ya jina hilo hilo. Mwandishi alijiita W. J. Stuart, lakini huyo alikuwa Philip MacDonald, Mwingereza aliyezoeleka kwa hadithi za upelelezi. Aliyewahi kuisoma The Tempest, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1611, hamalizi sura nyingi kabla ya kuwatambua jamaa wale wale. Kisiwa kimekuwa sayari ya mbali inayozunguka nyota ya Altair. Prospero ni Daktari Morbius, Miranda ni bintiye Altaira, jahazi lililopigwa na tufani ni chombo cha angani, naye Ariel, yule pepo mtumishi, amekuwa roboti aitwaye Robby.

Caliban je? Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo.

Kwanza tuipe riwaya haki yake. MacDonald hakusimulia kwa sauti moja. Daktari wa chombo anasema yake, kamanda anasema yake, na Morbius mwenyewe tunamsikia kupitia maandishi yake. Kwa hivyo msomaji analijua zimwi linaloua mabaharia hao wa angani kidogo kidogo, kutoka pembe tofauti. Halafu anapigwa na butwaa. Zimwi hilo lisiloonekana limetoka ndani ya nafsi ya Morbius mwenyewe. Akilala, chuki yake huamka na kutembea. Hilo ni wazo zito. Shakespeare alimfanya Prospero akiri kwamba Caliban ni wake. MacDonald na watunzi wa filamu wanamfanya bwana awe ndiye zimwi.

Lakini tazama gharama yake, ndugu msomaji. Caliban wa Shakespeare ni mtu. Anadai kwamba kisiwa ni chake, alichokirithi kwa mamaye Sycorax. Yeye ndiye aliyemwonyesha mgeni visima vya maji matamu na ardhi yenye rutuba. Prospero na bintiye wakamfundisha lugha yao, kisha wakamfanya mtumwa wa kubeba kuni, naye akaigeuza lugha hiyo kuwa silaha ya kuwalaani. Isitoshe, baadhi ya maneno matamu kuliko yote katika tamthilia, yale ya sauti zinazovuma kisiwani, yametoka kinywani mwake. Huko angani hana kinywa. Ananguruma tu. Mwenyeji amefutwa, na wenye sayari, viumbe waitwao Krell, wamekwisha kufa zamani. Basi hakuna wa kumuuliza Morbius: wewe umeingiaje hapa?

Kinachonikera zaidi kama mtu wa lugha ni mambo mawili. La kwanza, katika filamu roboti Robby anajigamba kuwa anazimudu lugha 187 zaidi ya Kiingereza, pamoja na lahaja zake. Mtumishi wa chuma amejaa lugha pomoni, ilhali mwenyeji hana hata moja. La pili, Morbius si mwanakemia wala rubani. Ni mtaalamu wa lugha! Alisoma maandishi ya Krell, akayafumbua peke yake, akajifungia na elimu hiyo, na zimwi likazaliwa humo.

Waafrika na Wakaribi waliisoma tamthilia hii kwa jicho tofauti. Mwaka 1969 Samuel Mushi alitoa tafsiri yake ya Kiswahili, Tufani. Mwaka huo huo Aimé Césaire wa Martinique alitoa Une Tempête, ambamo Caliban ni mtumwa mweusi anayedai uhuru. Miaka miwili kabla, katika A Grain of Wheat, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amemchora Thompson, mtawala wa kikoloni anayekusanya maandishi yake chini ya anwani Prospero in Africa. Wote hawa walijua kwamba kiini cha hadithi si uchawi wa Prospero bali ni swali la nani mwenye kisiwa na nani mwenye neno.

Swali hilo halihitaji roketi ili kulifikia. Panda matatu namba 46 hadi Kawangware, au namba 8 hadi Kibera. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na uzao wao ukapigania kutambuliwa kwa miongo mingi hadi 2017, Wanubi walipokabidhiwa hatimiliki ya jumuiya ya ekari 288. Hawa ni akina nani katika tamthilia? Walitumikia jeshi la Prospero, kisha wakadai kisiwa kama Caliban. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyozaliwa kambini kutokana na Kiarabu. Shakespeare hakuwa na mhusika wa namna hii, wala MacDonald. Riwaya yake ipo pale Makina, inasubiri mwandishi.

Kawangware nako, kila alfajiri watu hutoka kwa miguu kwenda Lavington kufua, kulinda na kujenga. Kuni za Caliban hizo. Jioni wanarudi kwenye keja zao, na barazani husikii lugha ya kunguruma. Unasikia Kiswahili, lugha za nyumbani na Sheng, zote katika sentensi moja, na watoto wakibuni maneno mapya kabla mathree haijafika stendi. Nani aliyesema hawa hawana ulimi?

Nawajibu wenzangu wanaohofia kwamba Sheng itakiua Kiswahili. Mtihani una lugha yake, na mwanafunzi afundishwe Kiswahili sanifu barabara. Sina ugomvi hapo. Ila mtaalamu anayemsikia kijana wa Laini Saba akizungumza na kuandika kwamba hiyo si lugha, ni kelele, anafanya alichofanyiwa Caliban huko angani. Anamnyang'anya kinywa kwanza, kisha anamwita zimwi. Chuki hiyo ikirudi usiku kubisha mlangoni, tusishangae imetoka wapi.

Kuna atakayeniambia Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hadithi za anga. Hebu tuache mzaha. Mwaka 1995 marehemu Katama Mkangi alitupa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua katika nchi yenye usawa. Jina la nchi lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za chama kimoja, alijua kwamba safari ya mbali ni njia ya kujitazama nyumbani. Tena Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, ikaitwa Uhuru. Neno letu lilifika angani zaidi ya nusu karne iliyopita. Na hiyo Altair ya Morbius ni jina la Kiarabu lenye maana ya arukaye, mzizi mmoja na tiara anayorusha mtoto wa Lamu.

Kwa hiyo upungufu haumo katika msamiati. Umo katika ujasiri wa kumwacha Caliban aseme. Ningependa kuisoma riwaya ya Kiswahili inayoipeleka Tufani angani, Prospero akizungumza Kiswahili sanifu kilichonyooka na Caliban akimjibu kwa Sheng ya Kawangware, bila kamusi pembeni wala mwandishi kumwombea radhi. Roboti ajue lugha zake 187 akitaka. Hiyo ya 188, ya mwenye kisiwa, lazima aje kujifunza kwa mwenyewe.