Kupita Pembeni ya Kovu

Anayeijua Kiwira, wilayani Rungwe, anajua kazi ya mgongo. Ndizi na viazi mviringo vya Rungwe hupanda malori kwenda Mbeya na Dar es Salaam kwa nguvu za watu. Gunia la lumbesa, lililojazwa likapitiliza kilo 100 na kushonewa juu, huinuliwa na vijana wawili na kutuliwa mabegani mwa wa tatu, naye hupanda nalo ubao hadi ndani ya bodi ya lori. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, lakini viuno vya wapakiaji bado vinaibeba.

Kati ya pingili na pingili za kiuno kuna diski: nje ni pete ya nyuzi ngumu, ndani ni ute mzito. Pete ikipasuka, ute hujitokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka toka kalioni hadi vidole vya mguu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa kwa dawa na mazoezi. Anayeshindwa kuzuia haja au anayekufa ganzi sehemu za siri asisubiri hata siku moja; akimbizwe hospitali. Wachache huishia kupasuliwa, na kati yao wapo ambao diski ileile hutoka tena, mahali palepale. Ufundi ninaousifu hapa, wa kutoa diski kwa kamera kupitia ubavuni, unawahusu hasa hao.

Kupasua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Kovu limeshikamana na utando unaofunika mishipa ya fahamu, na alama ambazo daktari angezifuata zimepotea. Akilivuta vibaya, utando unachanika na maji ya uti wa mgongo yanavuja. Tangu William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoeleza mwaka 1934 kwamba diski iliyopasuka huleta maumivu hayo ya mguu, njia kuu ilikuwa kuingia kwa nyuma: kuchana ngozi, kubandua misuli, kutoa kipande cha mfupa. Hadubini ilipoanza kutumika miaka ya 1970 kidonda kilipungua, ila mlango ulibaki uleule. Parviz Kambin wa Philadelphia akageukia ubavuni. Alionyesha kwamba kando ya diski, chini ya mshipa wa fahamu unaotoka, pana pembetatu ndogo ambamo chombo kinaweza kupenya salama. Mpaka leo inaitwa pembetatu ya Kambin. Kwa aliyekwisha kupasuliwa kwa nyuma, pembetatu hiyo ni neema: daktari analipita kovu pembeni, bila kulichokoza.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi mgonjwa hulala akiwa macho, amechomwa ganzi kwenye njia yote ya sindano. Daktari husukuma sindano kidogo, hupiga eksirei, husukuma tena. Hufuata waya mwembamba, kisha mrija wenye upana wa milimita 7 au 8, na ndani yake kamera, taa, njia ya maji na njia ya koleo. Maji ya chumvi hutiririka muda wote yakiondoa damu, ili picha kwenye skrini ibaki safi. "Baba, mguu unasikiaje?" Mgonjwa akisema umeme umeshuka hadi kidole gumba, mkono wa daktari husimama hapohapo. Wawili hao wanafanya kazi moja. Baadaye koleo hung'ata kipande cheupe cha diski na kukivuta polepole, na mshipa uliokuwa umebanwa huonekana ukicheza kwa mapigo ya moyo. Kidonda hufungwa kwa uzi mmoja au nyuzi mbili.

Mwaka 2009 Sebastian Ruetten na wenzake wa Ujerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa 100 waliorudiwa na diski, wengine wakitibiwa kwa kamera, wengine kwa hadubini. Baada ya miaka 2 nafuu yao ililingana, lakini waliotibiwa kwa kamera walipata madhara machache na kurejea kwenye shughuli zao mapema. Kwa anayeishi kwa kubeba, misuli isiyobanduliwa ni mtaji uliosalimika.

Ufundi huu una mipaka yake. Kwenye diski ya mwisho mfupa wa nyonga huweza kuziba njia ya ubavuni, na daktari hulazimika kupitia kati ya mifupa ya nyuma. Diski nayo inaweza kurudi tena. Isitoshe, kuzoesha mkono kufanya kazi huku jicho likitazama skrini huchukua muda mrefu, tena mbele ya mwalimu.

Kituo chetu kikuu cha tiba ya mgongo ni Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Toka Kiwira ni zaidi ya kilomita 800, na kukaa kwenye basi kwa umbali huo huku mguu ukiwaka ni adhabu. Ndiyo maana kuusifu ufundi huu bila kudai usambazwe ni kazi nusu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahitaji vyombo hivi, na zaidi ya vyombo inahitaji vijana wa huku kusini wanaopewa miaka ya kutosha ya kujifunza subira ya ufundi huu, kwa sababu kamera inanunuliwa kwa siku moja, mkono haununuliki.